Kumchagulia kwotabeki kinda kocha wa kumkuza: mwongozo kwa wazazi

Katika soka la Marekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi: amkabidhi mkimbiaji, arushe pasi, au atoke nao mbio mwenyewe. Ana sekunde mbili na nusu hivi za kuamua, na watu wanne au zaidi wanakuja kumwangusha. Hakuna nafasi nyingine uwanjani inayomtegemea mwalimu kiasi hicho. Mpokeaji wa pasi mwenye mbio atakimbia hata akifundishwa ovyo. Kwotabeki akifundishwa ovyo mwaka mmoja, mwaka unaofuata unakwisha akisahaulishwa alichofundishwa.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliyeko Columbus, Minneapolis, Dallas au kokote Marekani, aliyekulia kwenye soka la miguu, na sasa mwanawe wa miaka 11 hadi 17 amevaa helmeti. Si lazima uwe umeucheza mchezo huu. Ukijua pa kutazama, jioni mbili mazoezini zinatosha kukuonyesha mwalimu ni yupi na mpiga domo ni yupi.

Jambo la kushika tangu mwanzo: usichague jina. Chagua mtu atakayekaa na kijana Jumanne jioni mbele ya video, kisha ujue kama mwakani atakuwepo.

Hatua ya 1: Jua nani hasa anamfundisha

Watu wanasema "kocha" kana kwamba ni mmoja. Kwenye timu ya sekondari kuna kocha mkuu, mratibu wa mashambulizi (ndiye anayechagua mbinu ya kila shambulizi), kocha wa makwotabeki, na kocha wa safu ya mbele (wale wanaomkinga kwotabeki). Nje ya shule kuna mwalimu binafsi wa kulipwa. Kwenye shule ndogo mtu mmoja hubeba kofia mbili au tatu, na hilo si kosa. Kosa ni pale kazi ya kumfundisha kwotabeki inapokosa mwenyewe: kocha mkuu anashughulika na ulinzi, mratibu yuko na wapokeaji, na watoto wawili wa kwotabeki wanarushiana mpira pembeni kwa dakika arobaini.

Uliza hivi, kwa adabu, mazoezi yakiisha: "Kocha, naomba dakika mbili. Mwanangu akikosea kusoma ulinzi, nani anakaa naye kumwonyesha, na siku gani?" Jibu zuri lina jina na siku. "Sote tunasaidiana" maana yake hakuna mtu.

Hatua ya 2: Hesabu miaka, usihesabu vikombe

Kwotabeki Alex Smith alichaguliwa wa kwanza kabisa na San Francisco 49ers kwenye drafti ya 2005 (vilabu vinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu. Msimu wa kwanza alirusha pasi 1 tu ya tachidauni (bao la mchezo huu), na 11 zikanaswa na wapinzani. Watu wakamwita galasa. Lakini tazama alichopewa: kuanzia 2005 hadi 2009 klabu ilikuwa na waratibu wa mashambulizi watano kwa misimu mitano: Mike McCarthy, Norv Turner, Jim Hostler, Mike Martz, Jimmy Raye. Kila mmoja alikuja na daftari lake la mbinu na majina yake. Mwaka 2011 Jim Harbaugh akapewa mikoba, mratibu akawa Greg Roman, na Smith yuleyule akamaliza msimu wa kawaida akiwa na pasi 5 tu zilizonaswa. Timu ikashinda mechi 13 kati ya 16.

Mpime na kwotabeki Peyton Manning. Mwaka 1998, akiwa mgeni kwenye klabu ya Indianapolis, pasi zake 28 zilinaswa na timu ikapoteza mechi 13. Mwaka uliofuata ikashinda 13. Mratibu wake Tom Moore hakuguswa, na mfumo aliouanza naye ukaendelea kutumika kwa zaidi ya misimu kumi.

Kwa hiyo, kwa kila timu unayoifikiria, pata majibu matatu. Mratibu ana miaka mingapi hapo? Akiondoka, mfumo unabaki au unaondoka naye? Na majina ya mbinu ya timu ya watoto wadogo ni yaleyale ya timu kubwa ya shule? Hili la mwisho wazazi wengi hawaliulizi, nalo ndilo tamu: shule ambayo kijana wa darasa la 8 anajifunza msamiati atakaoutumia darasa la 11 inampa miaka mitatu ya bure.

Kocha mwenye vikombe vitatu anayetafuta kazi chuoni anaweza kuwa chaguo baya kuliko mwalimu wa hesabu aliyekaa miaka tisa.

Hatua ya 3: Mbinu zinamfuata mchezaji, au mchezaji anakatwa atoshee mbinu?

Baltimore Ravens walimchukua Lamar Jackson 2018 akiwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Kulikuwa na waliosema abadilishwe awe mpokeaji kwa sababu ya mbio zake. Ravens waliugeuza mfumo wote wa mashambulizi umfae yeye. Mwaka 2019, mratibu akiwa Greg Roman yuleyule, Jackson alirusha tachidauni 36, akakimbia yadi 1,206, na kura zote 50 za mchezaji bora zikamwangukia.

Kulipima hili kwenye shule si kazi ngumu. Omba kuona video za mechi za misimu miwili iliyokuwa na makwotabeki wawili tofauti, tuseme mrefu mzito na mfupi mwepesi. Usitazame nani alishinda. Hesabu mashambulizi 20 ya kila mmoja na uandike: mara ngapi alirusha akiwa amesimama, mara ngapi alirusha akikimbia pembeni, mara ngapi alibeba mpira mwenyewe. Hesabu hizo zikilingana karibu kabisa ilhali vijana hawafanani, kocha ana mbinu moja na anatafuta mtu wa kuivaa. Zikitofautiana, huyo anasuka mkeka kwa ukindu alionao.

Hatua ya 4: Kaa mazoezini, utazame vitu hivi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nenda mara mbili, moja iwe katikati ya wiki.

*Miguu.* Urushaji mzuri unaanza chini. Kwotabeki anayepokea mpira mikononi mwa senta (yule wa katikati ya safu ya mbele anayeanzisha mpira) hurudi hatua tano kwa pasi za kati. Akisimama yadi tano nyuma ya senta, hatua tatu zinatosha kwa pasi hiyohiyo. Mguu wa nyuma unapokita, mpira unatakiwa uwe unatoka, au kwa kijihatua kimoja cha mbele. Mwalimu anayejua kazi huunganisha idadi ya hatua na kila njia ya mpokeaji, na utamsikia akihesabu kwa sauti. Asiyejua humwambia mtoto "rudi nyuma, tazama, rusha". Matokeo yake utayaona: kijana anakita mguu, anarukaruka mara mbili tatu, anarusha, beki keshafika. Mkono utalaumiwa, kumbe miguu ndiyo iliyochelewa.

*Sahihisho moja kwa wakati mmoja.* Sikiliza kocha anasema nini baada ya pasi mbovu. "Kiwiko juu, fungua nyonga, tazama mbele, usiogope!" Hayo ni manne, na mtoto hatashika hata moja. Kocha mzuri anachagua moja, anampa mipira sita au saba ya kulifanyia kazi hilo tu, kisha anaendelea.

*Swali kabla ya hukumu.* Pasi ikinaswa, wapo wanaofoka na wapo wanaouliza: "Uliona nini?" Jibu la mtoto ndilo linalomwambia kocha kosa liko wapi. Akisema alimwona beki wa nje akienda pembeni, macho yake yalikuwa sahihi na mpira ndio uliochelewa. Akisema hakumwona mtu, tatizo ni macho. Tiba za makosa hayo mawili ni tofauti kabisa, na anayefoka hatajua ampe ipi.

Unaweza kulijaribu hili nyumbani kwa karatasi. Mchoro rahisi kuliko yote: mpokeaji wa nje anakata ndani kwa mshazari, wa ndani anakimbilia pembeni. Anasomwa beki mmoja tu, yule anayesimama kati yao. Akitoka nje kumfuata wa ndani, mpira unaenda kwenye mshazari. Akibaki ndani, unaenda pembeni. Baada ya wiki tatu na kocha mpya, mwambie mwanao akuchoree na akueleze anamtazama nani na kwa nini. Akichora mistari ya wapokeaji bila kuchora beki hata mmoja, anafundishwa kukariri.

*Upana wa uwanja.* Hili linawakamata hata makocha. Uwanja wote una upana wa futi 160, mita 48.8. Mistari miwili ya ndani, ambayo mpira huanzia hapo au katikati yake, iko mbalimbali kulingana na ngazi: NFL imetenganishwa kwa futi 18 na nusu tu, sekondari imeugawa uwanja mafungu matatu sawa. Maana yake mpira ukiwa mstari wa kushoto, hadi ukingo wa kulia ni mita 27 kwa watu wazima wa NFL na mita 32 na nusu kwa mtoto wa miaka 15. Kocha anayenakili mchoro wa NFL aliouona Jumapili kwenye televisheni, ule wa mpokeaji kukata kwenda ukingoni upande mpana, anamtaka mtoto arushe mita tano zaidi ya mtu mzima. Mpira unaelea, unanaswa, unarudishwa hadi tachidauni. Ukimwona kocha wa sekondari akitumia upande mpana kwa pasi fupi na mikimbio, na ule mwembamba kwa pasi za kukata nje, ujue anafikiri.

*Mpira wenyewe na idadi ya mirusho.* Mipira ya watoto ina saizi zake: upo wa miaka 6 hadi 9, wa 9 hadi 12, wa 12 hadi 14, halafu mpira kamili. Mtoto wa miaka 10 akipewa mpira kamili kiganja hakiufuniki, kwa hiyo anausukuma kama anayerusha tufe, na kiwiko kinashuka chini ya bega. Tabia hiyo haitoki kirahisi. Tazama pia ushikaji: vidole viwili vya mwisho viko kwenye nyuzi, na kati ya kiganja na ngozi ya mpira mwanga unapita.

Halafu hesabu. Kwenye besiboli, miongozo ya kulinda mikono ya watoto inaweka ukomo wa mirusho 95 kwa siku kwa miaka 13 na 14. Kwenye soka la Marekani hesabu itakuwa yako. Kwa umri huo, mipira 60 hadi 80 ya nguvu katika kipindi cha saa moja inatosha. Anayetaka 200 anauza jasho. Kama kijana anacheza pia besiboli akiwa mrushaji, jumlisha mirusho ya michezo yote miwili, maana bega ni lilelile na mifupa yake bado inakua.

Hatua ya 5: Muulize na kocha wa safu ya mbele

David Carr alichaguliwa wa kwanza 2002 na Houston Texans, klabu iliyokuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Aliangushwa na mpira mkononi mara 76 msimu huo mmoja, rekodi ya NFL. Mwaka 2023 Bryce Young wa Carolina, naye chaguo la kwanza, aliangushwa mara 62, akashinda mechi 2 kati ya 16 alizoanza, na kocha mkuu akatimuliwa baada ya mechi 11. Kijana anayepigwa hivyo anaanza kutazama wanaokuja badala ya kutazama wapokeaji, na macho yakishuka, hakuna kocha wa urushaji atakayeyainua msimu huohuo.

Linganisha na Jared Goff wa Los Angeles Rams. Mwaka 2016 alianza mechi 7 na kufungwa zote. Mwaka 2017 alikuja Sean McVay, aliyeajiriwa akiwa na miaka 30, na kila mtu akaimba jina lake. Wachache walitaja kwamba mwaka huohuo Rams walimsajili Andrew Whitworth wa kulinda upande wa kushoto na John Sullivan kama senta. Goff akarusha tachidauni 28, zilizonaswa 7, timu ikashinda mechi 11.

Ukiwa jukwaani, tumia saa ya simu. Ianzishe mpira unapoondoka kwa senta, isimamishe mlinzi wa kwanza anapomfikia kwotabeki. Fanya hivyo kwa pasi 15. Nyingi zikiwa chini ya sekunde mbili, muulize mratibu anafanya nini kuhusu hilo. Anayesema "tutawapa pasi fupi zaidi na mtu mmoja abaki nyuma kuzuia" ameshaliona. Anayesema kijana ajikaze, mwache.

Kumbuka pia kwamba mashindano ya saba kwa saba hayana safu ya mbele kabisa. Ni mazuri kwa macho na kuelewana na wapokeaji. Kocha anayejinadi kwa vikombe vya saba kwa saba peke yake hajaonyesha kama anajua kumlinda mtu.

Hatua ya 6: Usalama, bila kuona haya

Majimbo yote 50 yana sheria za mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo vijana. Washington ndiyo iliyotangulia, 2009. Kwa kifupi: anayeshukiwa kuumia kichwa anatolewa mchezoni na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Muulize kocha nani anafanya uamuzi huo kwenye mechi za ugenini. Kwa mwalimu binafsi, uliza kama amepitia ukaguzi wa rekodi za jinai, na mazoezi yawe mahali pa wazi ambapo mzazi anaweza kukaa. Anayekataza wazazi kutazama, usimlipe.

Hatua ya 7: Mwalimu binafsi asigombane na shule

Josh Allen wa Buffalo mwaka 2018 alifikisha asilimia 52.8 ya pasi zake. 2019 zikawa 58.8, 2020 zikafika 69.2. Nje ya msimu alifanya kazi na mwalimu binafsi, Jordan Palmer. Mratibu wake Brian Daboll alikuwa yuleyule miaka yote mitatu, na 2020 akaletewa mpokeaji hodari, Stefon Diggs. Atakayekuambia kwamba ni kocha mmoja aliyefanya kazi hiyo anakuuzia kitu.

Kabla ya kulipa, muombe mwalimu binafsi vitu viwili: awe tayari kuzungumza na kocha wa shule kwa simu, na akuoneshe video ya mwanafunzi wake mmoja, ya siku ya kwanza na ya miezi sita baadaye, iliyopigwa kutoka upande uleule. Video za watoto wakirusha juu ya mapipa na kuruka kamba ni za mtandaoni tu. Kwenye mechi hakuna mapipa.

Kuna ugomvi mmoja wa kawaida. Kocha wa shule anataka mguu wa kushoto uwe mbele mpira unapopokelewa, mwalimu binafsi anataka wa kulia. Mtoto anafanya moja Jumanne na nyingine Jumamosi, na Ijumaa usiku kwenye mechi anajikwaa. Msimu ukianza, la shule ndilo linalofuatwa hata kama ni baya kidogo. Mwambie hivyo mwalimu binafsi mapema, tena mbele ya kijana.

Hatua ya 8: Usikimbilie shule itakayompa namba kesho

Patrick Mahomes alichukuliwa wa 10 mwaka 2017 na Kansas City Chiefs, na msimu mzima akasugua benchi isipokuwa mechi moja, ya mwisho. Aliyekuwa mbele yake ni Alex Smith, yuleyule wa waratibu watano. Mahomes alikaa kwenye vikao vyake, akaona mtu mzima anavyojiandaa wiki nzima. Mwaka 2018 alirusha tachidauni 50.

Benchi la namna hiyo lina masharti: mtoto apate walau robo ya mirusho ya mazoezi, ahudhurie vikao vyote vya video, na kocha amwambie wazi anachosubiri kukiona. Bila hayo ni kuoza tu. Na kabla ya kuhamisha shule kwa sababu ya mpira, ongea kwanza na mkurugenzi wa michezo wa shule unayokwenda, kwa sababu vyama vya michezo vya majimbo vina kanuni za uhamisho zinazoweza kumzuia kijana kucheza kwa muda.

Ofa za vyuo zikianza kuja, maswali ni ya hatua ya 2, ila yaulizwe kwa ukali zaidi, maana makocha wa vyuo huhama sana na ofa ya mdomo haimfungi mtu. Uliza mkataba wa mratibu unaisha lini, na makwotabeki waliopo wako mwaka wa ngapi.

Ukikosea kuchagua

Dalili zinaonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi: kijana hawezi tena kueleza kwa nini alirusha alikorusha, kiwiko kinauma asubuhi, au kila mechi kosa ni jipya na sahihisho ni lilelile. La kiwiko halisubiri: mirusho isimame, daktari amwone. Hayo mengine mweleze kocha ulichokiona kwa mifano miwili kutoka kwenye video, si kwa hasira za jukwaani. Asipobadilika, malizeni msimu, kwa kuwa kubadilisha urushaji katikati ya mechi za Ijumaa huharibu miguu na macho kwa pamoja. Mwalimu mpya aanze Januari, baada ya wiki kadhaa za mkono kupumzika, na mwezi wa kwanza uwe wa miguu peke yake, mpira ukishikwa kifuani bila kurushwa.